Bunduki Iliyotoka Motoni

Oskar Niskanen aliingia karakana ya shemeji yake bila kubisha hodi, akalaza mezani kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi la farasi. Veikko Lampinen, fundi wa bunduki, alikuwa ameinama kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akipiga tupa. Aliinua macho, akaona urefu wa kile kitu, na akaweka tupa chini kabla blanketi halijafunguliwa.

"Ifungue," Oskar akasema.

"Najua ni nini."

"Ifungue tu."

Veikko akafungua. Mbao zote zilikuwa zimeteketea. Kilichobaki kilikuwa chuma kitupu, mtutu na komeo lake la kufungia chemba ya risasi, chekundu kwa kutu upande mmoja na upande wa pili kijivu kama majivu yenyewe. Ilikuwa bunduki ya Reino.

Reino alikuwa mtoto pekee wa Oskar na Lempi, dada yake Veikko. Mwishoni mwa majira ya baridi yaliyopita alilala peke yake katika kibanda chao cha kuwindia, juu ya kijito cha Karvela, na jiko la kuni likashika ukuta. Waliofika asubuhi walikuta moshi na paa la bati limelala chini. Mji mzima ulimsindikiza makaburini, na wanaume waliobeba jeneza walishindwa kutazamana kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Kumbe theluji ilipoyeyuka Oskar alirudi kule peke yake na koleo.

"Msimu unafunguliwa Novemba," Oskar akasema. "Nataka niende nayo."

Bunduki ile Veikko aliijua kuliko alivyojua kiganja chake. Miaka ile, vita vikuu vikiwa vimekwisha zamani kidogo, serikali zilikuwa zinauza bunduki za jeshi kwa mafungu, na kule kaskazini mwa jimbo la Michigan ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyo na moja. Zilikuwa nzito, zimefunikwa mbao hadi karibu na mdomo, hazimfai mtu wa kupanda vilima na kushuka mabondeni. Basi watu walizikata. Wengine walizikata jikoni kwa msumeno wa mabomba huku mke akikaanga samaki, na hao ndio waliomfanya Veikko akose usingizi. Reino aliponunua yake, mjomba wake alimwambia, "Usiiguse mpaka uje hapa."

Wakaifanya pamoja, majira mazima ya baridi. Veikko alimfundisha kuanza na jambo moja kila siku: fungua komeo, tazama kwa jicho, kisha ingiza kidole, uhakikishe chemba ni tupu, hata kama ni wewe uliyeiacha tupu jana. Walisafisha kila kipande kwa mafuta ya taa wakitafuta ufa. Walipima kama risasi inakaa sawasawa, isicheze mbele na nyuma. Mkono wa komeo ulikuwa umechomoza kwa pembeni, unagonga mahali pa kufunga darubini, kwa hiyo ilibidi ukunjwe kwa moto. Hapo Veikko alikuwa mkali. Alilifunga komeo matambara yaliyolowa maji, akauacha mkono peke yake nje.

"Unayaona haya meno mawili hapa mbele?" alimwambia Reino. "Baruti ikilipuka, ni haya tu yanayozuia komeo lisirudi likakutoboa jicho. Chuma hiki walikitia ugumu kiwandani. Ukikichemsha tena, ugumu unaondoka. Kwa macho huwezi kujua. Kinang'aa vilevile."

Hata ilipokwisha, mbao mpya za mti wa mjozi zimekaa vizuri kama nguo ya kushonesha, hakumruhusu kuiweka begani. Waliifunga kwenye tairi la lori, wakavuta kifyatulio kwa kamba wakiwa nyuma ya rundo la kuni.

"Mjomba, unaiogopa hii kuliko nyoka," Reino alisema akicheka.

"Nyoka hana baruti. Vuta."

Sasa Veikko alikichukua kile chuma, akakibana kwenye jiliwa, akachukua tupa nyembamba na kuipitisha juu ya jino la komeo mara moja, bila nguvu. Chuma kizima kingeitelezesha tupa kama kioo. Hiki kililiwa na tupa. Vumbi jeupe la chuma likaanguka mezani.

"Umeona, shemeji?"

"Nimeona umeikwaruza."

"Imelegea, Oskar. Moto umeondoa ugumu wote. Hii haipigi tena."

"Chuma hakiungui."

"Hakiungui. Kinalegea."

"Basi kikaze! Si ndiyo kazi yako? Kipashe, kizamishe kwenye mafuta, sijui nini na nini huko."

"Wale kiwandani walijua moto wa kiasi gani na kwa muda gani. Mimi hapa nitabahatisha. Nikikosea huku, kinabaki laini. Nikikosea kule, kinapasuka kama kigae. Yote mawili yanaua." Veikko alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa michafu. "Nisikilize. Niachie. Nitaichongea mbao nyingine, mjozi uleule. Nitaing'arisha, nitaiziba chemba, uitundike sebuleni. Itapendeza."

Oskar aligusa mtutu kwa kidole kimoja. Alikuwa mwanaume mkubwa, miaka yake yote ameimaliza mgodini, na tangu mazishi alikuwa amekonda mpaka koti lake lilionekana la kuazima.

"Mwanangu hakuitengeneza ili itundikwe," akasema. Lakini aliiacha pale, akatoka.

Kwa siku kadhaa ile bunduki ilikaa juu ya meza chini ya blanketi, na Veikko akawa anaizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemwamini. Njia ilikuwa moja tu ya uhakika, naye aliijua. Asubuhi moja aliibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma, akauweka pale mtutu unapokutana na kasha la komeo. Dakika chache tu na mambo yangekuwa yamekwisha.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Lempi, na mkate wa iliki umefungwa kwenye taulo, ungali unatoa mvuke. Aliuona msumeno. Akaona kilichobanwa.

"Veikko."

"Dada, hii itamuua."

"Usithubutu."

"Itamuua mumeo, Lempi. Naongea nawe kama fundi, siongei kama kaka."

Lempi aliweka mkate chini. "Toka Machi yule mtu hajala mezani. Alikuwa anakaa kwenye ngazi za nyuma na viatu vyake mkononi, hata kuvivaa hawezi. Alipoifukua hiyo, akaanza kula. Juzi alinyoa ndevu." Akasogea mpaka kwenye jiliwa. "Ukiikata utakuwa umemzika mtoto mara ya pili. Sitakubali. Niahidi."

Veikko aliutoa msumeno, akauning'iniza kwenye msumari wake. Hakuahidi kwa mdomo, lakini dada yake aliondoka kama mtu aliyeahidiwa. Jioni ya siku ileile Oskar alikuja akaichukua bunduki. Hawakubishana. Veikko alimsaidia hata kufunga blanketi.

Baada ya hapo habari zilimfikia vipande vipande. Hjalmar seremala, mtu wa utani ambaye angeweza kumchekesha maiti, alikuwa anachonga mbao mpya. Springi zilikuwa zimeagizwa kwa posta. Oskar mwenyewe alikuwa anaisugua kwa msasa kila jioni, kisha akaitia dawa ya kuipa weusi, na waliomtembelea walisema ni nzuri kuliko ilivyotoka mikononi mwa Reino.

Veikko alikwenda kwa Hjalmar.

"Hjalmar, usimpe hiyo mbao."

"Nimpe nini, uji? Mtu kataka kitako, nimemchongea kitako. Sikumchongea jeneza."

"Ndilo ulilomchongea."

Hjalmar aliacha kucheka kidogo, kisha akacheka tena kwa sababu ndivyo alivyozoea. "Wewe, Veikko, ungepewa kijiko ungekifunga kwenye tairi kwanza ndipo unywe supu."

Alikwenda kwa Wendell Pratt, naibu wa sherifu, aliyekuwa akinywa kahawa ofisini kwake miguu ikiwa juu ya droo. Pratt alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Bunduki ni yake?"

"Ni yake."

"Amemtishia mtu?"

"Hapana."

"Mlevi?"

"Hagusi pombe."

"Sasa, mzee wangu, nimkamate kwa kosa la kumiliki chuma laini?" Pratt aliteremsha miguu. "Sheria inanipa nafasi kitu kikishatokea. Kabla ya hapo mimi ni jirani tu kama wewe. Ongea naye. Wewe ni ndugu."

"Nimeongea naye."

"Ongea tena."

Jumapili moja baada ya kanisa, wanaume walikusanyika kwenye shimo la mchanga nje ya mji kujaribu bunduki zao, kama kila mwaka kabla ya msimu. Oskar alikuja na ya Reino. Watu walisogea karibu alipoitoa kwenye mfuko. Mbao zilikuwa zinameremeta, mtutu mweusi kama maji ya kisima. Mzee mmoja alivua kofia.

Veikko alimfuata. Alikuwa amekuja na tairi kwenye gari, na kamba.

"Shemeji, nakuomba. Usipoamini maneno yangu, amini hili. Tuifunge hapa, tuvute kwa kamba. Risasi chache tu."

"Mwanangu aliishika begani."

"Mwanao alianza na tairi. Nilikuwa naye."

"Alianza nalo kwa sababu yako." Oskar alisukuma risasi ndani. "Siifungi kwenye tairi kama mbwa."

Akaiinua. Veikko akafumba macho. Mlio ukaja, ukagonga ukingo wa mchanga na kurudi. Alipofumbua, Oskar alikuwa amesimama palepale, shavu kwenye mbao, na kule mbali kopo lilikuwa limeruka.

Watu wakapiga makofi. Oskar akapiga tena, na tena. Kila mara kopo likaruka.

"Haya, daktari wa vyuma!" Hjalmar akapaza sauti. "Mgonjwa wako kaamka, anataka chakula!"

Wakacheka wote, hata wale waliompenda Veikko, kwa sababu walikuwa wameogopa na sasa walikuwa wamefarijika. Oskar naye alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi, na Lempi, aliyekuwa amesimama karibu na magari na wanawake wengine, aliweka mkono mdomoni.

Veikko peke yake ndiye aliyekuwa anatazama kitu kingine. Risasi ya kwanza, komeo lilifunguka kwa vidole viwili. Ya mwisho, Oskar alilazimika kuligonga kwa kiganja ndipo likanyanyuka. Veikko akainama, akaokota maganda ya risasi kwenye mchanga. La kwanza lilikuwa safi. Lililofuata lilikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, umelizunguka karibu na kitako. La mwisho mstari ulikuwa mpana, na alipoingiza waya uliokunjwa ncha, alihisi ndani mfereji, pale shaba ilipovutika ikabaki nyembamba kama karatasi. Meno ya komeo yalikuwa yanabonyezwa. Kila mlio ulikuwa unalisogeza komeo nyuma kwa upana wa unywele mmoja, na kila unywele risasi ilikosa mahali pa kuegemea. Bunduki haikuwa imepona. Ilikuwa inahesabu.

Jumamosi iliyofuata walioga sauna pamoja, kama walivyofanya tangu ujana. Oskar alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, kuni zikipasuka ndani ya jiko. Veikko alikuwa amekuja na yale maganda kwenye mfuko wa koti lililotundikwa nje kwenye kigingi. Alimweleza. Alieleza polepole, kama alivyokuwa akimweleza Reino, kuhusu mstari, mfereji, komeo lililogoma.

Oskar alisikiliza ameinamisha kichwa, jasho likimdondoka kwenye ncha ya pua.

"Unadhani sijui?" akasema mwishowe.

Veikko akafuta jasho machoni.

"Nimeshika chuma tangu nina miaka kumi na minne. Nimeona nyororo za mgodini zilizopita motoni. Zinakatika kwa mzigo wa mtoto. Najua, Veikko. Nilijua siku niliyoileta kwako."

"Sasa kwa nini uliileta?"

"Nilitaka uniambie nimekosea."

"Oskar, una mke."

"Nina mke." Alichukua kata, akamwaga maji mengine. "Sitafuti kufa. Usiende kumwambia hivyo. Nataka nikae pale alipokaa, na nikiona kulungu nipige na hiki alichokishika. Mara moja. Ikikubali, nitakupa uikate, uifanye reli ya treni, sitajali. Ile ya Jumapili ilikuwa kujaribu. Imebaki moja."

"Inaweza isikubali hiyo moja."

"Inaweza."

"Basi nikutengenezee risasi za baruti kidogo. Nusu ya nusu. Hazitakuwa salama, lakini..."

"Nusu ya nusu itamjeruhi mnyama, akafie porini peke yake." Oskar alitikisa kichwa. "Hapana. Peke yake, hapana."

Veikko alikaa pale, mvuke ukimchoma mabega. Alikuwa ametumia maneno yote ya ufundi na yote ya undugu. Alifikiri kumwambia Lempi, kisha akafikiri Lempi atafanya nini na habari hiyo isipokuwa kukaa nayo kama yeye anavyokaa nayo. Akafikiri kuiiba. Nyumba ya Oskar haikuwa na kufuli. Lakini tangu shimo la mchanga Oskar alikuwa analala nayo chini ya kitanda, na hata angeipata, alijua mikono yake ingesimama palepale iliposimama siku ya msumeno.

"Nitakwenda nawe," akasema.

"Njoo. Ulete kahawa."

Siku ya kufungua msimu walipanda kijito kukipambazuka, theluji mpya ikilia chini ya viatu. Kibanda hakikuwapo tena, ni mawe ya jiko tu yaliyochomoza kwenye weupe. Waliketi juu kidogo ya hapo, kwenye gogo ambalo Reino alipenda, migongo imeegemea msonobari. Walikunywa kahawa kwenye kikombe kimoja. Walikula pasti, vile vikate vya kuoka vilivyojazwa nyama na viazi, alizofunga Lempi, zingali na joto kwa kuwa Oskar alizibeba kifuani. Hawakuzungumza juu ya bunduki. Walizungumza juu ya Reino alipokuwa mdogo, alivyowahi kumvisha mbuzi wa jirani koti la kanisani, na Oskar akacheka mpaka akafuta macho.

Veikko alianza kuomba kimoyomoyo kulungu wasitokee. Ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwake, nacho hakikuwa mikononi mwake.

Alitokea dume, peke yake, upande wa juu wa kijito, pembe zimebeba theluji. Alisimama akinusa. Oskar aliinuka taratibu, akapiga goti moja.

"Shemeji," Veikko alinong'ona. "Chukua yangu. Hii hapa. Chukua yangu."

Oskar hakugeuka. Aliweka shavu lake kwenye mbao.

Safari hii mlio haukuwa uleule. Ulikuwa mfupi, mkavu, kama ubao mnene unaovunjwa kando ya sikio. Veikko alihisi joto shavuni, akaona Oskar amelala chali, mikono yote miwili usoni, na katikati ya vidole damu inachuruzika kwenye theluji. Mbao za Hjalmar zilikuwa zimepasuka vipande. Komeo halikuonekana.

"Reino," Oskar alikuwa anasema. "Reino. Reino."

Veikko alimfunga uso kwa skafu yake, akamnyanyua. Mtu aliyekuwa amekonda hivyo bado alikuwa mzito kama mlima. Alimburuta, akambeba, akaanguka naye, akapiga risasi tatu hewani kwa bunduki yake mpaka wawindaji wa bonde la pili wakasikia na kuja mbio. Hjalmar alikuwa mmoja wao. Aliona, akavua koti lake, akamfunika Oskar nalo.

Hospitalini waliliokoa jicho la kushoto. La kulia halikuwezekana, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda nalo. Daktari alisema kipande cha chuma kilipita karibu na mshipa wa shingo, akaonyesha kwa kidole na kidole gumba ni karibu kiasi gani.

Lempi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Veikko aliketi kando yake.

"Ungeikata tu," akasema Lempi, bila kumtazama.

Veikko aligeuza kichwa. Aliona mikono ya dada yake imeushika mkoba kana kwamba kuna mtu anataka kuunyang'anya. Jibu alikuwa nalo. Akalimeza.

"Ndiyo, dada," akasema.

"Ungenisukuma nje, ukaikata."

"Ndiyo."

Akaegemeza kichwa begani mwa kaka yake, akalia kwa sauti ya chini.

Siku ya pili walimruhusu Veikko kuingia. Oskar alikuwa amefungwa bendeji kichwa kizima, jicho zima nalo limefunikwa ili lipumzike. Alitambua hatua za Veikko.

"Keti."

Akaketi.

"Nilimpata?" Oskar akauliza. Sauti ilitoka kwenye bendeji kama inatoka chini ya ardhi. "Yule dume. Alianguka?"

Veikko angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jambo jepesi, na hakuna ambaye angelipinga, kwa maana theluji ilikuwa imeanguka tangu jana na kufunika kila alama.

"Sikuona, shemeji. Nilikuwa nakutazama wewe."

Mkono mzima wa Oskar ulitembea juu ya shuka, ukapapasa ukingo wa kitanda, mpaka Veikko akaelewa kuwa anatafuta kikombe. Akakichukua, akamnyanyua kichwa, akamnywesha maji kidogo kidogo, mengine yakimwagika shingoni.